Sauti Isikike Neno kwa Neno: Mwongozo wa Kurekodi Mahojiano ya Video kwa Simu

Maiki ya simu yako si mbovu kiasi unachodhani. Tatizo lake kubwa ni kuwa mbali. Unamkalisha babu kwenye kiti, unarudi nyuma hatua tatu ili aonekane kuanzia kofia hadi magotini, unabonyeza kitufe chekundu. Picha inatoka safi. Ukija kusikiliza, babu anasikika kama yumo ndani ya pipa, na juu ya maneno yake umepanda mvumo wa feni, kunguru wa mwembeni, bodaboda iliyopita barabarani na pumzi zako mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyesimama karibu na maiki.

Ninawaandikia wale wanaorekodi watu wakisimulia: bibi anayeeleza harusi za zamani zilivyofanywa, fundi wa majahazi anayeeleza mbao za kuchagua, mwalimu mstaafu, mvuvi, mzee wa mtaa. Katika video za namna hii mali iko kwenye maneno. Likimezwa jina la mtu au la mahali, limepotea, na pengine msemaji hatapatikana tena wa kuulizwa. Ndiyo maana nasisitiza sauti kuliko picha.

Nimezipanga hatua kwa mtiririko wa kazi yenyewe, tangu kuchagua chumba hadi kuhifadhi faili. Hatua ya pili ndiyo iliyobeba uzito. Ukibanwa na muda, nyingine fanya unachoweza, lakini hiyo usiiruke.

Hatua ya 1: Chagua mahali kwa masikio

Ingia chumbani, simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio unaendelea kutetema baada ya kofi, hapo pana mwangwi. Sebule nyingi za siku hizi zina tatizo hili: vigae chini, jipsamu juu, madirisha makubwa ya kioo, ukuta mtupu. Nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar nazo, pamoja na uzuri wake wote machoni, zina kuta nene za mawe zilizopigwa chokaa na dari ya juu sana. Sauti ikitoka mdomoni inagonga ukuta na kurudi, na neno la pili linaangukia juu ya mkia wa neno la kwanza. Kelele ya feni unaweza kuipunguza baadaye kwa programu. Mwangwi ni mgumu zaidi, kwa sababu umetengenezwa na sauti ileile unayotaka kuibakiza.

Chumba cha kulala mara nyingi hushinda sebule. Kina godoro, mapazia, kabati la nguo, na vitu laini hunyonya sauti. Kama huwezi kurekodi humo kwa sababu ya heshima au ya picha, beba ulaini wake uupeleke sebuleni: tandika zulia au blanketi sakafuni mbele ya kiti, funga mapazia, kisha tundika blanketi zito au simamisha godoro nyuma ya simu, upande ambao msemaji anautazama. Watu wengi hutundika nguo nyuma ya msemaji. Sauti yake inakwenda mbele, kwa hiyo ukuta wa mbele ndio unaorudisha sehemu kubwa zaidi, na bahati nzuri huko kamera haioni. Mkeka peke yake hausaidii sana; ni mwembamba mno.

Baada ya mwangwi, kelele. Fumba macho dakika nzima bila kusema kitu. Masikio yetu yamezoea kuzipuuza sauti za nyumbani, lakini maiki haipuuzi kitu. Utasikia friji, saa ya ukutani, televisheni ya jirani, bomba linalovuja. Zima kinachozimika. Ukizima friji, weka funguo zako za nyumbani au za pikipiki ndani yake. Hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Feni ni ngumu Januari pale Dar es Salaam au Mombasa, na kumtesa mzee kwa joto ni kukosa adabu. Kubalianeni: feni inazimwa akijibu, inawashwa mkipumzika, na majibu marefu yanagawanywa.

Pangilia na saa pia. Epuka muda ambao watoto wanatoka shule, na muda wa jioni ambapo kunguru wanarudi kulala mitini. Jua nyakati za sala za mahali hapo: adhana ikianza mtasimama kwa heshima yake, na hata katika kuhariri ni vigumu kukata jibu ambalo nyuma yake adhana inaendelea, kwa sababu kila mkato utasikika. Mvua ikianza kupiga mabati, acheni. Ngojeni ikatike. Hakuna cha kufanya kwenye kompyuta kitakachoitoa.

Hatua ya 2: Peleka maiki karibu na mdomo

Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja kutoka mdomoni hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Kutoka sentimita 25 hadi nusu mita umepoteza 6. Hadi mita moja, 12. Hadi mita mbili, 18. Kelele ya chumba haishuki hivyo, kwa sababu inatoka kila upande na imejaa chumba kizima. Kwa hiyo simu iliyo mita mbili inapokea babu mdogo ndani ya kelele ileile. Ukipandisha sauti baadaye, unapandisha vyote viwili.

Geuza hesabu hiyo. Ukiitoa maiki mita mbili na kuileta sentimita 25 kutoka mdomoni, umejipatia desibeli 18 za usafi kabla hujagusa programu yoyote, na mwangwi nao umepungua kwa sababu hiyohiyo. Kipimo unacho mkononi: shibiri moja, kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ukianzia kidevuni kushuka kifuani. Hapo ndipo maiki inapokaa.

Kuna njia tatu za kuifikisha hapo.

Ya kwanza haihitaji kununua kitu: simu ya pili. Azima ya ndugu, fungua programu ya kurekodi sauti, iweke mfuko wa juu wa shati la msemaji, maiki ikitazama juu. Kwa simu nyingi maiki kuu iko ukingo wa chini, karibu na tundu la chaja, kwa hiyo simu inaingia mfukoni kichwa chini. Kama hana mfuko, ilaze mapajani mwake juu ya kitambaa kilichokunjwa, au mezani mbele yake nje ya picha. Simu ya kwanza inapiga picha, ya pili inakamata sauti, na utaziunganisha baadaye. Njia hii hudharauliwa, nami naipendekeza kwa kila anayeanza, kwa sababu simu ya bei ndogo iliyo shibiri moja kutoka mdomoni inashinda kamera ya mamilioni iliyo ng'ambo ya chumba.

Ya pili ni maiki ndogo ya waya inayobanwa kwenye nguo. Ni rahisi kupatikana katika maduka ya vifaa vya simu, lakini itazame plagi yake kabla ya kulipa. Plagi ya milimita 3.5 ina vipete vyeusi kwenye chuma chake. Yenye vipete vitatu ndiyo inayoongea na simu. Yenye viwili imetengenezwa kwa ajili ya kamera, na ukiichomeka kwenye simu, simu itaendelea kutumia maiki yake ya ndani bila kukuambia. Kama simu yako haina tundu la duara, utahitaji adapta, na si kila adapta hupitisha maiki; nyingine hupeleka sauti masikioni tu. Ijaribu palepale dukani.

Ya tatu ni maiki isiyo na waya, ile yenye kipokezi kidogo kinachochomekwa chini ya simu. Inafaa sana mtu anapotembea au kufanya kazi, kama fundi anayezunguka chombo chake. Usiichanganye na visikizio vya Bluetooth vya kawaida. Visikizio hivyo, maiki yake inapofanya kazi, huhamia kwenye njia ya simu ya kuongea, na sauti hutoka nyembamba, ya kupigiwa simu.

Nje ya hizo tatu kuna maiki ndefu za kufunga juu ya kamera. Zinasifiwa mno na zinapendeza machoni. Ikifungwa juu ya simu iliyo mita mbili kutoka kwa babu, nayo iko mita mbili kutoka kwa babu. Ukiwa nayo, ivue hapo juu, ifunge kwenye fimbo, na mtu aishike juu ya kichwa cha msemaji, nje kidogo ya picha, ikielekezwa kifuani.

Maiki yoyote ya nje ukiichomeka, hakikisha kweli ndiyo inayorekodi. Rekodi sekunde chache, ukikwaruza maiki ile kwa ukucha taratibu, kisha ukwaruze upande wa chini wa simu. Sikiliza. Kikwaruzo kilicho kikubwa ndicho cha maiki inayofanya kazi. Kama ni cha simu, programu ya kamera haijaitambua maiki yako. Kwenye Android sakinisha Open Camera, ambayo ni ya bure, uingie kwenye mipangilio ya video na kuchagua maiki ya nje kama chanzo cha sauti.

Hatua ya 3: Mvalishe kwa idhini na kwa utulivu

Kumbana mtu kitu kifuani ni jambo la heshima kabla ya kuwa la ufundi. Kama ni bibi, mpe maiki mjukuu wake wa kike aibane, au mwachie aibane mwenyewe huku ukimwelekeza.

"Bibi, shikamoo. Naomba hiki kidude kikae hapa kwenye mtandio, chini ya kidevu."

"Marahaba, mwanangu. Hakiniunguzi?"

"Hakiunguzi, bibi. Ni sikio tu. Kitasikia unachosema hata ukisema polepole."

Neno hilo la mwisho lina kazi. Wazee wengi wakiona simu hupaza sauti au hubadilisha lafudhi wakawa kama wanatoa hotuba. Akijua kwamba kidude kiko karibu na kinamsikia, atarudi kwenye kauli yake ya kila siku, na hiyo ndiyo uliyoifuata.

Ibane nje ya nguo, si ndani. Tatizo la kuificha chini ya kitambaa ni kusuguana: kila pumzi inatoa mchakacho. Pamba, kama kanga na kanzu za kitambaa kizito, ni tulivu. Hariri za bandia na vitambaa vinavyong'aa hupiga kelele sana. Kwa kanzu, bana kwenye ukingo wa ufunguzi wa shingo. Kwa mwenye mtandio, bana kwenye mtandio wenyewe mahali ulipotulia, kisha utie pini pembeni ili usichezecheze. Waya ukunje kitanzi kidogo chini ya maiki, uushike kwa pini au kipande cha selotepu. Waya ukivutwa, kitanzi ndicho kitakachovutwa, si maiki. Mwombe avue mkufu mrefu na bangili zinazogongana. Kama ni bangili asizozivua kamwe, mwombe apumzishe mikono mapajani, na ukisikia zikilia mara mojamoja, ziache. Nazo ni sehemu yake.

Hatua ya 4: Pima kiasi cha sauti

Sauti inayoingia kwa nguvu kupita uwezo wa kifaa hukatwa vichwa. Inakwaruza, na kilichokatwa hakirudi. Iliyoingia ndogo kidogo inaweza kupandishwa. Kwa hiyo afadhali ndogo. Kama programu yako inaonyesha kipimo cha sauti, lenga vilele vya mazungumzo ya kawaida vifike karibu na desibeli −12, ukibakiza nafasi hadi sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha kifaa, kwa ajili ya kicheko.

Jaribio la "moja, mbili, tatu" halifai hapa. Mtu huhesabu kwa unyonge, halafu mahojiano yakikolea anapanda. Mwulize swali la kumchekesha, la utotoni au la mchumba wake wa kwanza, na upime wakati anacheka.

Simu nyingi hujirekebishia sauti zenyewe: msemaji akinyamaza, simu inajiongeza nguvu kutafuta cha kusikia, na mvumo wa chumba unavimba katika kila kituo. Kama programu inakuruhusu kuuzima urekebishaji huo, uzime. Kama hairuhusu, maiki ya karibu itaupunguzia kazi.

Weka kilohezi 48 (yaani sauti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde), kwani ndicho kiwango cha kawaida cha sauti ya video, na kama kuna chaguo la WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa, lichukue. Saa moja ya WAV ya chaneli moja, biti 16, hula takriban MB 346. Hakikisha nafasi ipo. Weka simu zote katika hali ya ndegeni ili zisipigiwe katikati ya simulizi, na zijaze chaji mapema: ukirekodi kwa maiki ya waya huku simu ikiwa kwenye chaja, mara nyingi mvumo wa umeme huingia. Umeme wa gridi zetu Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na mvumo huo husikika hapo na katika vizidishi vyake, 100, 150 na kuendelea.

Mwisho wa hatua hii rekodi sekunde 20, kisha sikiliza kwa hedfoni, si kwa spika ya simu. Spika ya simu haitoi mvumo wa chini, kwa hiyo itakudanganya kwamba mambo ni mazuri.

Hatua ya 5: Wakati wa kurekodi

Washa vifaa vyote viwili. Kaa mbele ya kamera, taja jina la msemaji, mahali na tarehe, kisha piga kofi moja mikono yako ikionekana. Kofi hilo litaacha mwinuko mkali katika sauti zote mbili, na katika picha utaona viganja vikigusana. Mkishamaliza, piga jingine, nitaeleza sababu.

Baada ya kofi la kwanza waombe wote wakae kimya sekunde 30. Unarekodi ukimya wa chumba hicho. Utauhitaji katika kusafisha, na utauhitaji kuziba mapengo utakapokata maneno, kwa kuwa ukimya wa kidijitali usio na chochote husikika kama hitilafu.

Mazungumzo yetu yana desturi nzuri ya kuitikia: "ehee", "naam", "kumbe!", "haya". Kwenye rekodi, maitikio hayo huanguka juu ya maneno ya mzee. Itikia kwa kichwa na kwa macho. Mweleze mapema kwamba utanyamaza si kwa kutojali, maana mzee asiyeitikiwa anaweza kudhani amekuchosha.

Bajaji ikipita juu ya jina, au akitaja mahali kwa kasi, ngoja amalize wazo lake, kisha mwombe: "Samahani babu, yule nahodha ulisema anaitwa nani?" Akirudia jina peke yake, umelipata safi. Fanya hivyo kwa majina yote ya watu, ya vijiji, ya aina za upepo, ya samaki, ya sehemu za chombo. Maneno ya namna hiyo msikilizaji hawezi kuyakisia kutokana na sentensi.

Ukirekodi nje

Nje hakuna mwangwi, na huo ni unafuu mkubwa; adui ni upepo. Pwani, kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi hushika katikati ya mwaka. Vyote viwili vikigonga maiki hutoa ngurumo nzito inayofunika kila kitu. Sifongo nyembamba inayokuja na maiki haitoshi kwa upepo wa ufukweni. Tafuta kifuniko cha manyoya marefu. Kisha mkalishe msemaji nyuma ya ukuta, ya chombo kilichopandishwa nchi kavu au ya kibanda, na umgeuze aupe upepo mgongo ili mwili wake uikinge maiki.

Hatua ya 6: Unganisha sauti na picha

Hamishia faili zote kwenye kompyuta, au kwenye programu ya kuhariri ya simu inayokubali kuongeza sauti, kama CapCut. Weka video kwenye mstari wake na sauti ya simu ya pili chini yake. Tafuta mwinuko wa kofi katika mistari yote miwili, vuta mmoja hadi vilingane, kisha nyamazisha sauti ya kamera. Hakikisha kwa kutazama midomo kwenye herufi p, b na m, ambapo midomo lazima ifunge.

Sasa nenda kwenye kofi la mwisho. Katika rekodi ndefu huenda halilingani, kwa sababu saa za ndani za vifaa viwili haziendi sawasawa kabisa. Kama tofauti ni ndogo, kata sauti sehemu ambayo msemaji amenyamaza, sogeza kipande kinachofuata, na endelea hivyo kila baada ya dakika kadhaa.

Kama ulirekodi ukiwa mbali, tuseme mwisho wa ukumbi, jua kwamba sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Video ya fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde ina milisekunde 40 kwa kila fremu. Ukiwa mita 14 kutoka jukwaani, sauti ya kamera imechelewa kwa fremu moja nzima. Ukitumia rekodi ya jukwaani, fuata midomo na si kofi la kamera.

Hatua ya 7: Safisha kwa kiasi

Audacity ni programu ya bure na inatosha. Kwanza itoe sauti ndani ya video. Nikiwa na kompyuta natumia FFmpeg, ambayo nayo ni ya bure na hufanya kazi kwa amri unazoziandika:

`ffmpeg -i video.mp4 -vn -ac 1 -ar 48000 sauti.wav`

Kama umerekodi kwa simu ya pili, tayari una faili la sauti. Lifungue, kisha fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inategemea iliyotangulia.

Anza kwa kukata mvumo wa chini. Kwenye menyu ya Effect chagua High-Pass Filter, weka hezi 80. Sauti ya mtu mzima akiongea haina jambo kubwa chini ya hapo, lakini magari, upepo na mitetemo ya meza vimo humo.

Kisha punguza kelele ya chumba. Chagua zile sekunde za ukimya ulizorekodi, fungua Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Programu sasa imeijua kelele. Chagua rekodi nzima, rudi palepale, weka desibeli 6, sikiliza. Ongeza kidogo kidogo, usipite 12. Ukizidisha, herufi za s, sh na f zinaanza kuliwa, na nyuma ya maneno panabaki vilio vidogo vya kielektroniki vinavyochosha kuliko feni yenyewe. Feni inayosikika kwa mbali haimdhuru mtu. Neno lililoliwa linadhuru.

Baadaye tumia Compressor kwa upole ili kicheko na mnong'ono visitofautiane mno, kisha umalize na Loudness Normalization. Nalenga −16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) kwa mazungumzo. YouTube hushusha video zinazozidi takriban −14, lakini iliyo ndogo haiipandishi, kwa hiyo usiiache chini sana ukitegemea itasaidiwa.

Sauti ya simu ya pili ukishaisafisha, ipange upya na picha kama katika Hatua ya 6. Kama uliitoa ndani ya video, irudishe hivi bila kuigusa picha:

`ffmpeg -i video.mp4 -i sauti_safi.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac -b:a 192k video_mpya.mp4`

Na kama huna muda wa Audacity, amri hii hukata mvumo na kusawazisha kiasi kwa mkupuo mmoja:

`ffmpeg -i video.mp4 -c:v copy -af "highpass=f=80,loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11" -ar 48000 -c:a aac -b:a 192k video_mpya.mp4`

Ile `-ar 48000` usiiache. Kichujio cha loudnorm hupandisha kilohezi hadi 192 katika kufanya kazi yake, na bila kukiambia kishuke, faili linaweza kukataa kuchezeka kwenye simu nyingine.

Siku hizi zipo pia huduma za mtandaoni za akili unde ambazo unazipakia sauti chafu zikakurudishia sauti ya studio. Matokeo yake hushangaza, na kwa tangazo la duka sina neno. Kwa simulizi la mzee nina wasiwasi mkubwa. Huduma hizi haziondoi kelele tu. Pale neno lilipofunikwa, huweza kuunda sauti inayofanana na neno. Msemaji wa lahaja kama Kimakunduchi, Kipemba au Kingwana anaweza kurudi na silabi ambazo hakuzitamka. Ukilazimika kuitumia, sikiliza neno kwa neno ukilinganisha na rekodi ya asili, na pale panapotofautiana rudisha ya asili pamoja na kelele zake.

Hatua ya 8: Tuma na uhifadhi

Ukituma video kwa WhatsApp kama video, inabanwa, picha na sauti. Itume kama hati: gusa alama ya kiambatisho, chagua hati, tafuta faili lenyewe. Litafika kama lilivyo. Kwa anayekusaidia kuhariri, fanya hivyo daima.

Rekodi ya asili, ile yenye feni na kofi na sekunde 30 za kimya, usiifute hata baada ya video kutoka. Programu za kusafisha zinazidi kuboreka, na faili lililosafishwa vibaya haliwezi kusafishwa upya. Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, usiziache kwenye simu pekee. Lipe faili jina linaloeleza msemaji, mahali na tarehe badala ya namba ambazo simu imejiandikia, na nakala moja wapelekee wenye mzee, kwa diski mweko au kadi ya kumbukumbu, kabla ya kuipandisha popote.